Kazini, Chumba cha Nyuma

Niliporudi Juba kutoka Nairobi nilikokulia, mama mkubwa, dada ya mama yangu, alinipa chumba cha nyuma kwake, mtaa wa Jebel. Nikafungua kompyuta, nikaendelea kuhudumia wateja wa kampuni ya huko huko Nairobi. Kwake hiyo haikuwa kazi. Mwenye kazi hutoka asubuhi, akarudi amechoka.

Basi kila palipokuwa na bika, yaani matanga, mimi ndiye niliyetumwa kupika. "Wewe iko nyumbani tu," alisema, kwa Kiswahili alichotoka nacho ukimbizini Uganda. Na bika hukatai. Siku yako nani atakuja? Nikawa nakata vitunguu huku wenzangu wakipanda vyeo. Nafasi ya kuongoza timu yetu ilipotangazwa, hata sikuomba. Nani angemkumbuka mtu asiyemwona? Akapewa mtu niliyemfundisha kazi mimi mwenyewe. Iliniuma kama moto.

Kesho yake nilivaa viatu vya ofisini, nikajipaka manukato, nikatoka getini, nikazunguka nyumba nzima na kuingia chumbani kwangu kwa mlango wa nyuma. Jioni nikazunguka tena, nikabisha getini. Majirani walicheka hadi machozi.

"Kichwa yako iko sawa?" mama mkubwa aliuliza.

Ilikuwa sawa kabisa. Nikishafunga mlango ule sikuwa mtoto wa nyumbani tena. Niliomba nipewe wateja wakorofi ambao wengine waliwakwepa, na nikawamudu. Kila Ijumaa nilimwandikia bosi nilichofanya, bila haya, asije akanisahau. Naye mama mkubwa akaanza kunifukuza jikoni mchana: "Wewe si umeenda kazi?"

Aliyepewa nafasi ile alipoacha kazi, ikatangazwa tena. Safari hii niliomba, nikaitwa kwenye usaili wa video. Asubuhi ya usaili jirani akafiwa, na wanawake wakaja kunichukua. Niliwasikia getini. Ningewezaje kukataa?

"Yeye iko kazi," nikamsikia mama mkubwa akiwaambia. "Mimi nakuja."

Akafunga kitambaa kichwani, akaenda na magoti yake mabovu kukata vitunguu mahali pangu. Mimi nikakaa mbele ya kamera, nikajibu kila swali kama mtu anayedai haki yake. Bosi hakungoja hata kesho. Alisema nafasi ni yangu.

Nilikimbia hadi kwenye bika, nikamkuta kati ya masufuria. Nikamnong'oneza.

"Wewe sasa iko mkubwa yao?"

"Wote."

Matangani hapapigwi vigelegele. Akafuta mikono, akanishika, tukatembea kimya hadi barabara kuu, mbali na hema la wafiwa. Hapo akapiga vigelegele mpaka wapita njia wakasimama kuuliza nani anaolewa.

"Hakuna harusi," akawajibu. "Mtoto yangu imepanda cheo!"