Mtunza Mbwa Aliyekataa Shefadi Wawili Mbele ya Bosi

Saa tatu asubuhi, na Mama Brashi anamwaga maji kwenye sakafu ya banda. Kudeki amekwishadeki tangu alfajiri. Haya ni maji ya kazi nyingine.

Sakafu ni ya saruji, ndefu kama hatua ishirini. Nusu ameilowesha, nusu ameiacha kavu. Mbele yake wapo mbwa wanne walioletwa kuuzwa, manyoya yanang'aa, masikio yamesimama. Pembeni yupo meneja wa kampuni hii ya ulinzi, pamoja na mfugaji aliyewaleta.

"Mpitishe mmoja mmoja," anamwambia mfugaji. "Usimvute. Mwache atembee mwenyewe."

"Mama, unanunua mbwa au unachagua bibi harusi?"

"Bibi harusi angekuja na shangazi wa kumsemea. Huyu ana miguu yake tu."

Walinzi wanaangua kicheko. Ndio waliompa jina la Mama Brashi, maana brashi haimtoki mkononi. Ana miaka hamsini na moja, watoto watatu, na elimu ya darasa la saba. Miaka kumi na sita iliyopita aliajiriwa kufagia kinyesi.

"Majirani walikuwa wanaziba pua nikipita," anasimulia. "Wakaniita Mama Mbwa. Nikawaambia sawa, ila wanangu hao hawaniombi ada."

Leo hatanii. Mwaka jana, kati ya mbwa sita wa kampuni, wawili walikufa na wa tatu akaishiwa nguvu miguuni. Wakubwa wakatoa kauli: hawa wapya wakiharibika, banda linafungwa. Yeye na wenzake wawili watarudi nyumbani.

Ndiyo maana meneja alimuuliza mapema: tununue aina gani? Mama Brashi akatoa daftari la shule. Kwa mwaka mzima alikuwa ameandika habari za aina mbili zilizopo bandani: shefadi, wale wa masikio wima na mkia wa manyoya mengi, na rotwaila, wale weusi wenye kifua kipana na madoa ya kahawia usoni.

Rotwaila mmoja alimaliza mifuko ishirini na moja ya chakula kwa mwaka. Shefadi alimaliza kumi na mitano. Lakini shefadi alitibiwa ngozi mara tatu, na asipochanwa kila siku, manyoya yake hujaa mpaka kwenye chai ya walinzi. Rotwaila hunenepa upesi, joto humtesa, na mmoja wa wale waliokufa alikuwa na uvimbe wa saratani kwenye mfupa wa mguu. Watoto wa rotwaila nao wakipatwa na kuhara damu, hawachelewi kuzidiwa.

"Rotwaila anakula mfuko, shefadi anakula muda," anasema. "Muda ninao. Nikamwambia bosi, chukua shefadi, ila tuangalie nyonga. Hapo ndipo ugonjwa wao ulipo, na watoto huurithi."

Walinzi wanakijua kitendawili chake. Huwategea wakija kunywa chai:

"Kitendawili!"

"Tega!"

"Nilimnunua mara moja, kila mwezi nauziwa tena."

"Mbwa mgonjwa!" wanajibu kwa pamoja.

Mbwa wa kwanza anapita kwenye maji na kutoka upande mkavu. Nyayo zake zinabaki kwenye saruji, za nyuma zikifuata za mbele, zimenyooka. Wa pili vivyo hivyo.

Wa tatu anapita. Mama Brashi anachuchumaa. Nyayo za nyuma zimebanana, zinayumba kushoto na kulia, na pembeni ya moja kuna mchirizi, kama mguu umeburutwa. Anaomba apitishwe tena. Kisha wa nne. Naye hivyo hivyo.

"Hawa wawili, hapana."

"Mama, si wewe uliyesema shefadi?" meneja anashangaa.

"Nilisema, bosi. Na nyonga nilisema."

Mfugaji anapandisha sauti. "Meneja, unamsikiliza mfagiaji? Mbwa wangu wana cheti!"

"Hicho ni cheti cha chanjo, mwanangu. Chanjo haishiki nyonga."

Bei ya mbwa mmoja ni mishahara yake ya miezi mitano, na ametoka kuwakataa wawili mbele ya bosi na mfugaji aliyewaleta. Meneja anatazama nyayo zikianza kukauka. Halafu anatoa simu na kumpigia daktari wa mifugo.

Picha za eksirei zilitoka baada ya siku mbili. Wawili wa kwanza wazima. Wawili wa mwisho, mifupa ya mapaja imelegea kwenye vikombe vya nyonga.

"Mimi mwenyewe ningewapitisha," anakiri daktari. "Kwa kuwatazama tu, hawakuwa wakichechemea."

Wale wawili walirudi kwa mfugaji. Mama Brashi aliwasindikiza na karatasi aliyoiandika kwa mkono: wasinenepeshwe, wasirukishwe, walale pakavu.

Banda halikufungwa. Mumewe, fundi viatu, sasa anawatambia wateja wake: "Mke wangu anasoma nyayo, mimi nashona soli. Kwenye mambo ya miguu, njooni kwetu."

Wiki iliyopita simu ililia bandani. Alikuwa mfugaji yule yule. Safari hii hakusema mfagiaji. Alisema: "Mama, shikamoo. Nina watoto wapya wa shefadi. Naomba uje shambani uwachague mwenyewe."

Atakwenda mwezi ujao, kwa gari la kampuni, akae kiti cha mbele pamoja na dereva. Ameshapiga pasi gauni. Ana mpango wa kuchagua wawili wa kujaza nafasi za wale waliorudishwa, na baada ya hapo kuwafundisha wenzake wa mabanda mengine yale aliyojifunza chini, kwa kuchuchumaa.

"Alianza kunitajia bei kwenye simu," anasema huku akicheka. "Nikamwambia, baba, bei iache hapo. Kwanza nionyeshe mama zao wakitembea."