Umbali wa Kupanda

Kila kiangazi tulipokelewa shuleni na harufu ya maganda ya mdalasini yaliyoanikwa juani, huko juu Uluguru, ambako darasa letu lilichimbiwa ubavuni mwa mlima na Morogoro mjini ikaonekana mbali chini kama kitu kilichosahaulika. Mwaka ule dada yangu Zuhura alikuwa darasa la saba. Alikwisha kuvunja ungo, na kwa desturi yetu alipaswa kuwekwa ndani awe mwali, kisha aolewe. Mjomba, kaka wa mama, ambaye kwetu ndiye mwenye kauli, alikubali kungoja kwa sharti moja: siku ya wazazi amwone Zuhura akishinda hesabu ubaoni.

Mwalimu alikuwa mtu wa nchi tambarare. Aliandika x katikati ya mistari miwili iliyosimama, akasema mahali pa x hutiwa namba, na jibu ni umbali wake kutoka sifuri. Zuhura alitia tatu, akajibu tatu. Wazazi wakapiga makofi.

"Sasa tia hasi tatu. Sifuri ni shule hii. Chanya ni kupanda kwenu, hasi ni kushuka mtoni."

Zuhura alifikiri. "Itapungua, mwalimu. Kushuka hakulingani na kupanda."

"Umbali ni ule ule!"

"Labda kwenu!" mama mmoja alidakia kutoka nyuma. "Njoo kesho nikutwishe mkungu wa ndizi!"

Wote wakacheka. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mwalimu peke yake hakucheka. Alichora alama kubwa ya kosa.

Njiani mjomba alitangulia, akasema bila kugeuka, "Hata mimi ningejibu hivyo, mwanangu. Lakini mwalimu kasema umekosa."

Zuhura akawekwa ndani. Mchana, kupitia ukuta wa udongo, nilimsikia akinong'ona: hasi tatu, tatu, hasi tano, tano. Alikuwa ameelewa. Hakuna aliyemuuliza tena.

Tangu hapo nimetangatanga, Mzinga, Kisaki, popote penye kibarua, na kila nirudipo naikuta milima imenyolewa zaidi. Siku hizi kuna sekondari ng'ambo ya bonde. Wasichana hupita mbele ya nyumba ya Zuhura wakicheka, wala hakuna mjomba wa kuwazuia. Watu husema tumeendelea. Juzi mjukuu wake alimletea daftari la hesabu, akamwonyesha ile mistari miwili. Zuhura aliitazama, midomo ikimcheza, kisha akalirudisha.

"Kamuulize mwalimu, mama. Bibi yako hakusoma."