Mizani ya Masanduku na Poni Asiye na Meno

Kwanza niseme la kwangu, maana nisipolisema mapema nitatafuta pa kulificha. Nilikuwa namwongezea yule poni chakula kwa siri. Konzi mbili kila asubuhi, juu ya kipimo chake. Hilo nililifanya mimi, hakuna aliyenituma. Yaliyofuata uyasome ukilijua hilo.

Nafanya kazi ya asubuhi kwenye mabanda ya farasi, bondeni nyuma ya Walthamstow, hapa London, pale nyumba zinapoisha na majani yanapoanza. Kazi hii alinitafutia wifi yangu, dada wa mume wangu, aliyenitangulia pale miaka mitatu. Simnyimi haki yake: bila yeye ningekuwa bado nasugua ngazi za maofisi. Mie nimeishia darasa la saba, Pemba, na Kiingereza changu cha kusoma ni cha kidole kutembea chini ya neno. Wifi amesoma kunishinda, na hachoki kunikumbusha.

Poni ni farasi mfupi. Huyu wetu ni wa kahawia, mzee, mgongo umebonyea, meno ya nyuma yamekwisha. Ukimpa nyasi kavu hutafuna, akazisokota, akazitema vibonge. Mama mwenye mabanda, Mwingereza mtu mzima asiyepoteza maneno, akasema sasa huyu ale chakula kamili, yaani kile cha mfuko chenye nyasi zilizosagwa na kila kitu ndani, ukikiloweka kinakuwa kama uji mzito na mnyama hahitaji tena nyasi za kutafuna. Akamwachia wifi achague mfuko.

Wifi akachagua wenye picha ya farasi anaruka ua. Mbele uliandikwa kwa herufi kubwa kwamba ni chakula kamili.

"Wifi," nikamwambia, "huyu wetu haruki hata dimbwi la maji. Tutampaje chakula cha warukao?"

"Weye kazi yako kuloweka. Kusoma niachie mie."

Nikaloweka.

Na konzi zangu mbili nikaongeza, kwa sababu mbavu zake zilikuwa zahesabika. Kwetu kumwekea mtu sahani iliyo bapa ni kumwambia aondoke. Nilikuwa namwonea haya yule mnyama, kama mgeni aliyekonda mikononi mwetu. Sikujua kwamba kwa poni, mbavu zikiguswa kwa vidole ndiyo afya yenyewe.

Mwezi haukwisha, asubuhi moja tukamkuta amesimama kaegemea nyuma, hataki kugeuka. Nikashika kwato, zina joto kama kikombe cha chai. Daktari wa wanyama akaja, akasema ni ugonjwa wa kwato, na kwa poni mara nyingi huletwa na wanga na sukari nyingi kwenye chakula. Miguu ikiwaka tena kabla ya majira ya joto, akasema, msimtese, mpumzisheni. Kupumzisha, huku kwa wanyama, maana yake ni sindano ya mwisho.

Mama mwenye mabanda akauliza nani anamlisha. Wifi akajibu kabla sijafungua mdomo: "Mie huchota tu kwa kopo. Anayechanganya ni wifi yangu. Sijui huwa anaongeza nini."

Hakuwa anajua kuhusu konzi zangu. Alirusha jiwe gizani likanipata. Nikanyamaza, na kunyamaza kwangu kukawa jibu. Baridi yote ile nikawa mtu wa ufagio na mavi, na wifi akaendelea kumlisha chakula kile kile, maana lawama zilikuwa za mkono wangu.

Hayo ningeyameza. Lililonichoma ni la Peckham, upande wa pili wa London. Tulikuwa kwa jamaa, wanawake tumekaa chini tunamenya vitunguu thomu vya pilau ya arusi, wifi akapaza sauti: "Huyu msimpe mtoto amlishe. Kamlemaza farasi wa watu kwa huruma!"

"Kwani kamlisha nini, biriani?" akauliza mmoja.

"Kamlisha mpaka kwato zimewaka moto!"

"Ndiyo maana kakangu naye hainuki kitini," akasema mwingine, ambaye mume wangu ni binamu yake.

Wakacheka hadi thomu zikamwagika. Nikacheka na mimi, kisu mkononi. Usiulize nilivyocheka. Kwenye treni ya kurudi niliandika katika daftari langu: nataka aone haya mbele ya wale wale. Si dua nzuri. Lakini sijaifuta.

Basi nikaanza kisasi changu kwa kusoma, kitu nisichokiweza. Mifuko mitupu ya chakula cha farasi ilikuwa ikitupwa nyuma ya ghala. Nikawa naikusanya, napeleka nyumbani, nanakili ya nyuma yote, neno kwa neno, ili nisikosee. Binti yangu namwuliza kwa Kiswahili ananijibu kwa Kiingereza, namwambia rudia, anarudia, mpaka tunaelewana katikati. Molasi ni nini? Ule uji mweusi wa sukari. Nyuzinyuzi? Hizo nzuri, zikiwa nyingi. Wanga? Huo kidogo, kwa huyu wetu.

Na mfuko wa wifi, ule wa kuruka ua? Nyuma yake, kwa herufi za kusumbua macho, uliandikwa kwamba ni kwa farasi wanaofanya kazi nzito, na upewe pamoja na nyasi kavu. Yaani mbele ulikuwa kamili, nyuma haukuwa. Nilisoma mara tatu. Sikujiamini, nikamwita binti asome. Akasoma yale yale.

Nilifurahi. Nitasema uongo nikikataa. Nilifurahi kama mtu aliyeokota herini iliyopotea, na wakati huo huo poni amesimama kwenye mchanga laini tuliomtandikia, hawezi kugeuka. Hilo nalo nikaliandika, nione nilivyo.

Likabaki la kipimo. Mifuko yote inasema kilo, na sisi tunalisha kwa kopo. Ndipo nikakumbuka mizani ya wifi.

Ni ile ndogo yenye ndoano, ya kupimia masanduku ya safari. Sisi wa kwetu hapa London karibu kila nyumba inayo, lakini wifi ndiye hakimu. Watu humwita aende akawapimie, na gramu haimpiti. Mwaka juzi, alipokuwa anakwenda nyumbani, nilimpa viatu ampelekee mama yangu, viatu maalumu vya mguu wake mbovu. Akaning'iniza sanduku, akatazama namba, akaniambia, "Limezidi, wifi. Toa." Nikatoa viatu vya mama yangu. Manukato yake yakabaki. Kusema haki, lilikuwa limezidi kweli; namba niliiona kwa macho yangu. Lakini mtu huyo wa gramu ndiye aliyekuwa akimlisha mgonjwa kwa kukisia.

Nikaenda kuiazima kwake. "Nataka kupima mzigo," nikamwambia, na huo haukuwa uongo.

Mfuko ulipokaribia kwisha, mama mwenye mabanda akatuita ghalani sote wawili tuchague mwingine. Nikaomba nipime kwanza. Nikatoa mizani, ndoano ikagonga ndoo kama kengele.

Nikaanza na mimi. Nilikuwa nimejaza mfuko mdogo kwa konzi za wiki nzima, kumi na nne. "Hizi zangu," nikasema. "Nilimwongezea kila asubuhi. Uliuliza, nikanyamaza." Zilikuwa kilo moja na kidogo. Wifi akatabasamu.

Kisha nikamwambia, "Wifi, chota kama unavyochota siku zote."

Akachota. Mkono wake ulishazoea. Kopo likajaa likapanda kilima. Nikapima. Nikalikata kilima kwa ubao, nikapima tena. Tofauti nikaizidisha kwa milo yake minne ya siku, kwa siku saba, kwenye daftari, wao wakitazama. Ziada ikafika kilo tano na ushei kwa wiki. Nikapima tena upya, nisije nikamwonea. Tano na ushei.

"Mizani hiyo ya nani?" akauliza mama.

"Ya wifi."

Halafu nikaugeuza mfuko, nikaweka kidole chini ya zile herufi ndogo, nikasoma kwa sauti. Nilisoma vibaya, nikirudi nyuma kila neno la pili, lakini nilifika mwisho.

Wifi hakuwa anatabasamu tena. "Kopo nilipewa hivyo hivyo," akasema. "Mizani hatukupewa hapa hata siku moja."

Na hilo lilikuwa kweli, nikasema ni kweli. Mama akakaa juu ya ndoo. "Hilo langu," akasema.

Nilikuja kumvua nguo mtu mmoja, tukabaki uchi watatu. Bado nilikwenda nyumbani nikiwa nimeshiba.

Mama akaniambia nichague mimi. Nikachagua mfuko usio na mrukaji: wanga na sukari kidogo, umetengenezwa kwa wazee wasio na meno, na nyuma, siyo mbele, umeandikwa kwamba unaweza kushika nafasi ya nyasi zote. Tukaubadili kidogo kidogo kwa wiki mbili tumbo lisishtuke. Milo mitano midogo, kila ndoo kwenye ndoano. Kila wiki utepe wa kumpima unene kuzunguka kifua chake. Karatasi ya vipimo niliandika mimi, na wifi akaambiwa aifuate.

Hapo ndipo usingizi uliponipaa. Nikikosea, sindano ni yangu. Kila asubuhi kabla ya kuvua koti nilikwenda kushika kwato. Baridi. Baridi. Siku moja nikaziona za moto, nikapiga yowe, mama akaja mbio. Kumbe ni mkono wangu ulioganda.

Majira ya joto yakafika kwato zikiwa baridi, na poni akawa anageuka bila kufikiri mara mbili. Lakini wale wa Peckham walikuwa bado na habari yao ya zamani.

Ndipo wifi akataka mizani yake. Anasafiri.

"Iko kazini sasa," nikamwambia. "Lete sanduku huku."

"Nipande basi na sanduku, nije kupima penye mavi ya farasi?"

"Ndiyo wifi. Na wale unaosafiri nao, nao waje. Si ndiwe unayewapimia?"

Walikuja. Wifi na wawili wa wale wamenya thomu, wakiburuta masanduku kwenye matope, buibui wamezikusanya magotini. Mmoja akamwona poni anazunguka uwanja. "Mbona anatembea? Huyu ndiye kilema wenu?"

Nikamtazama wifi. "Sema mwenyewe. Au nisome daftari?"

Akamfuata poni kwa macho mpaka akamaliza mzunguko. "Mfuko nilichagua mie," akasema. "Na kopo nililijaza mie. Na yeye naye aliongeza konzi yake."

"Mbili," nikasema. "Konzi mbili, kila asubuhi."

Wakacheka, safari hii wakitucheka sote. Haikuwa tamu kama nilivyoiota. Ilikuwa tamu.

Nikaning'iniza sanduku la wifi. Limezidi kilo moja na nusu. Mdomo wangu ulitaka sana kusema mbili. Nikasoma ilivyo.

"Limezidi, wifi. Toa."

Akalifungua juu ya majani makavu. Juu kabisa vilikuwa viatu vya mama yangu, nilivyompa tena mwaka huu. Mkono wake ukavifikia, ukasimama. Akanitazama. Sikumsaidia. Akaingiza mkono chini yake, akaanza kutoa manukato, chupa moja moja, akizipanga juu ya mfuko wa chakula cha poni, mpaka namba ikakaa sawa.

Kisha nikapima tena, nisije nikamwonea.