Ungo Aliouchora Bidyadhar

Bidyadhar Meher alichora ungo wa kwanza ukutani akiwa kijana ambaye ndevu hazijamtoka, na tangu siku hiyo hakuacha. Ungo ndiyo ilikuwa alama ya chama. Chama chenyewe kilikuwa cha huku huku Odisha, mashariki ya India, hakina habari na Delhi, wala Delhi haina habari nacho. Mwanzilishi wake, mzee Lokanath Praharaj, alipenda kusema kila nyumba ina ungo, kwa hiyo kila nyumba ni ofisi ya chama. Maneno matamu. Aliyeyabeba kwenye ndoo ya rangi, ukuta hadi ukuta, ni Bidya.

Tuseme ukweli kuhusu kazi ya siasa kwenye chama kama hiki. Ni kufunga bendera kwenye nguzo. Ni kushika kipaza sauti juu ya bajaji kwenye jua la Mei mpaka koo likauke. Ni kuketi mkekani mbele kabisa ili mkutano uonekane umejaa. Kila uchaguzi Bidya aliomba apitishwe kugombea ubunge wa Kantapali, na kila uchaguzi mzee Lokanath alimshika bega.

"Subiri kidogo, Bidya. Safari hii tuna mtu."

Huyo mtu alikuwa mwenye magari, au mkwe wa mwenye magari, au daktari fulani aliyehama juzi kutoka chama kingine na bado ananukia maua ya mashada ya huko. Bidya alipewa nafasi ya kugombea uenyekiti wa kijiji, mara moja tu. Kiti kikageuzwa cha wanawake, akamsimamisha mkewe Kuntala. Kuntala akashinda, akatia sahihi kila alichoambiwa, akachoka. Hapo ndipo maisha ya siasa ya Bidya yalipofika juu kabisa.

Ila jambo moja alilifanya vizuri kuliko mtu yeyote: aliwafundisha wanawake wa Telimunda, kijiji chake, kupiga kura. Wengi hawakusoma. Aliwakusanya uani kwake, akachora mashine ya kura kwenye vumbi.

"Msihangaike na jina, msihangaike na picha. Tafuta ungo, bonyeza, sikia mlio, nenda nyumbani ukapike."

Halafu, kwa kuwa kila uchaguzi walipita watu na sari za bure, aliongeza: "Watakuja kuwaambia ungo si wetu tena. Msiwasikilize. Hata nikija mimi mwenyewe nikawaambia bonyezeni kingine, jueni nimetishwa. Ninyi ungo tu."

Walicheka sana. Na walishika. Kila ulipofika mwezi wa Lakshmi, mungu wao wa neema na mavuno, wanawake walipopamba kuta kwa uji wa mchele, wakachora nyayo zake na masuke ya mpunga, walichora na ungo wa Bidya papo hapo katikati. Hakuna aliyewatuma.

Walichotaka kwake kilikuwa kimoja: maji. Bomba la Telimunda linatema kutu, na gari la maji huja likipenda. Bidya alikuwa amewaapia mbele ya mama yake kwamba siku atakayoingia bungeni, kisima kirefu kitachimbwa pale mbele ya mlango wake, kwenye nguzo ya bendera. Hakuwa anatania. Alishapima na mahali.

Basi chama kikapasuka. Tribikram, mpwa wa mzee Lokanath, aliondoka na karibu wabunge wote, magari yote na ofisi yenye feni. Shauri likaenda kwenye tume ya uchaguzi, na kwa kuwa wengi walikuwa upande wake, alama ya ungo akapewa yeye. Mzee akabaki na wafuasi wachache na kikohozi. Ndipo alipomwita Bidya.

"Kantapali ni yako sasa."

"Kweli, Mheshimiwa?"

"Nani mwingine amebaki?"

Mtu mwenye akili angeinuka akaenda zake. Bidya aliinama akamgusa miguu mzee, machozi yakamtoka. Aliisubiri siku hiyo tangu ujana.

Alama mpya waliyopewa ilikuwa kiyoyozi. Sikutungi. Kiyoyozi, kwenye jimbo ambalo umeme ukikaa mchana kutwa watu wanashuku kuna waziri anapita. Kwenye mashine kilionekana kama kisanduku chenye mistari, na Tribikram mwenyewe akaja kugombea Kantapali kwa ungo.

Bidya alichukua ndoo ya chokaa akaanza kufuta nyungo zake mwenyewe. Kwenye ukuta wa kwanza tu akakutana na Bibi Sukuru, jirani yake, mkono kiunoni.

"Wee! Unamfuta Lakshmi?"

"Bibi, ungo umechukuliwa. Sasa sisi ni hiki hapa." Akamwonyesha karatasi.

"Sanduku la nini hilo? La maiti?"

"Kiyoyozi. Kinapoza nyumba."

"Umeme wake uko wapi?"

"Utakuja."

"Maji yanakuja, umeme unakuja, wewe mwenyewe unakuja. Telimunda sisi kazi yetu kupokea wageni!"

Wanawake waliokuwa wakipepeta mpunga barazani wakaangua kicheko. Bidya akawasihi, kweli akawasihi, mikono kifuani. "Mama zangu, safari hii msibonyeze ungo. Nawaomba. Kiyoyozi."

Nyuma yake walisimama vijana wawili wa kukodi kutoka mjini, wenye miwani ya jua, waliokuja kubeba kipaza sauti. Bibi Sukuru aliwatazama wale vijana, akamtazama Bidya, kisha akamkonyeza.

"Tumekuelewa, mwanangu."

Wote wakakonyeza. Bidya akashusha pumzi. Jioni, akila wali wake wa jana uliolowekwa maji, kwa kitunguu na pilipili, alimwambia Kuntala kuwa Telimunda imeshakaa sawa.

"Wamekubali haraka hivyo?" Kuntala akauliza.

"Wananipenda."

"Hilo ndilo linalonitia wasiwasi."

Siku ya kuhesabu, matokeo yalipotajwa kituo kwa kituo, Bidya alisimama kwenye ukumbi wa chuo, taulo begani, akisubiri Telimunda. Kwingineko alishapigwa, hakutegemea kwingineko. Ikatajwa Telimunda. Ungo, kijiji kizima. Kiyoyozi, kura mbili. Yake na ya Kuntala.

Alikaa kwenye ngazi akilipigia hesabu jambo hilo, na kila akilihesabu lilimrudisha kwa mama yake, ambaye macho yake yana mtoto wa jicho, na ambaye asubuhi ya kura alimshika kidevu akamwambia asiogope kitu.

Alipofika nyumbani vigelegele vilimpokea kabla ya watu. Wanawake walijaa uani. Mama yake, Hemalata, alisimama mlangoni na ungo wenye mpunga, taa na unga mwekundu. Akampaka paji la uso. Bibi Sukuru akamtia shada shingoni.

"Ungo umeshinda! Redio imesema!"

Bidya akamgeukia mkewe. "Waambie."

"Waambie wewe. Mwenye mdomo wa siasa ni mimi?"

Akainua mkono. Kelele zikapungua.

"Sikilizeni. Ungo umeshinda. Mimi nimeshindwa. Ungo ni wa Tribikram. Niliwaambia msibonyeze."

Halafu Bibi Sukuru akampiga kofi la mgongo.

"Bado anaogopa, maskini! Wale wenye miwani wameshaondoka, mwanangu. Sema sasa, uko kwenu."

"Bibi, sikuwa natishwa."

"Si wewe uliyetufundisha? Ukija na maneno mengine, tujue umetishwa. Tukajua."

"Tena tulijua wote," mama yake akasema kwa fahari. "Kila mmoja. Hakuna aliyekutupa."

Vigelegele vikaanza upya. Bidya alikula keki za mchele na nazi walizomlisha kwa mkono, moja, nyingine, na nyingine, kwa sababu mtu mwenye mdomo uliojaa hadaiwi maelezo.

Asubuhi alipofungua mlango, mitungi ilikuwa imepangwa. Ya aluminiamu, ya plastiki, ya udongo, kila mmoja umeshika nafasi ya mwenyewe, kuanzia kwenye nguzo ya bendera, ikipita kisima cha zamani kilichokauka, ikapinda na njia. Wa kwanza ulikuwa wa Bibi Sukuru. Hakukuwa na mashine ya kuchimba, wala gari, wala mtu aliyekuwa na habari ya kuvileta.

Mama yake alitoka akipapasa ukuta, na mtungi wao kiunoni.

"Wamekuja kuchimba?"

"Hapana, mama."

"Watakuja. Shika, weka wetu."

Bidya aliupokea. Alitembea kando ya ule mstari, mtungi baada ya mtungi, hadi kwenye kona ya njia, akauweka chini wa mwisho kabisa. Mlio wa mtungi ukigusa ardhi ulimfikia mama yake mlangoni, kwa mbali.

"Wee Bidya! Mbunge gani anapanga foleni nyuma?"