Siku Mama Aliponikabidhi Gerejini

Mwaka ule Goma ilinuka kiberiti na mazutu ya malori. Lava ya volkano ilikuwa imepita katikati ya mji, ikala nyumba na maduka, ikafunika karakana ya shule yetu ya ufundi pamoja na mashine zote. Miezi baadaye, mvua iliponyesha, mawe bado yalifuka moshi. Waasi waliotawala mji waliendelea kutoza kodi zao kana kwamba hakuna kilichotokea. Sisi wa mwaka wa mwisho tuliambiwa kila mmoja apate fundi wa kumpokea kwa mafunzo ya kazi, maana asiye na mafunzo hafanyi mtihani wa taifa. Mwalimu wetu wa mekanika alituzungusha gereji hadi gereji, tukikanyaga mawe makali yaliyotafuna viatu, na wavulana wote wakapata nafasi. Nilibaki mimi, msichana pekee wa darasa.

Gereji iliyosalia ilikuwa ya Mzee Kasereka, pale mtaa wa Murara karibu na kwetu. Alikuwa na desturi moja: baba wa mwanafunzi huja na spana, humpa yeye mbele ya mafundi wote, naye humkabidhi mtoto. Spana ikishaingia mkononi mwa mtoto, hafukuzwi mpaka amalize mafunzo. Sasa baba yangu alikuwa dereva wa lori, na vita vilikuwa vimefunga barabara. Alikwama Bunagana mpakani, hatukujua atarudi lini. Mama akachukua spana kwenye vifaa vya Baba, akafunga kitenge chake kizuri, tukaenda. Mzee Kasereka hakunyoosha mkono. Alisema kwa upole, na upole ule uliniudhi kuliko tusi, kwamba anamheshimu Mama sana, ila spana huipokea kwa mwanaume tu, tungoje baba arudi. Mtihani usingemngoja mtu. Mama akanigeukia, akaniwekea spana mkononi, akavikunja vidole vyangu juu yake.

“Muzee, desturi yako nimeifuata. Baba yake hayuko, mimi niko. Mutoto ameshapokea.”

“Mama Zaina, si wewe wa kumupa. Ni mimi.”

“Basi umunyang’anye. Watu wote wanaangalia.”

Mafundi waliacha kugonga. Nilikaza mkono, na nasema kweli, angesogea ningemng’ata. Mzee alinitazama, akalitazama lori lililoinuliwa juu ya magogo, akaguna, kisha akaniambia nikaoshe pistoni kama wenzangu. Niliziosha mpaka kucha zikawa nyeusi. Baba aliporudi alinikuta nimelala chini ya lori la mtu, na mtihani nilifaulu.

Leo nina gereji yangu. Waasi wamerudi kwa jina jingine, benki zimefungwa, na bado shule zinaniletea wanafunzi, wengi wao watoto waliokulia kwenye mahema ya wakimbizi wa vita ya Kanyaruchinya. Mafundi wenzangu bado wanawauliza baba yuko wapi. Baba yangu mimi alikuwa amekwama njiani tu; wa hawa, wengi hawatarudi. Mwezi uliopita alikuja msichana peke yake, akasimama mlangoni, akaanza kunieleza nani alikufa na wapi, ili nielewe kwa nini hakuletwa na mtu. Nilimkatiza. Nilimwambia asimame wima, nimpime ovaroli ya kazi.