Vyumba Sita vya Juu

Mama Générose aliingia kazini katika hoteli ya Les Filaos mwaka wa 1976, akiwa msichana wa miaka kumi na tisa. Kazi yake ilikuwa kufua na kupiga pasi mashuka. Hoteli ilikaa ukingoni kabisa mwa ziwa, nyumba nyeupe yenye vyumba sita chini na sita juu, na mbele yake safu ya mivinje iliyopandwa na Wabelgiji wakati mji ulikuwa bado unaitwa Albertville. Hadi leo wazee wa Kalemie wakiona taa imezimika au barabara imebomoka husema, "Wakati wa Albertville haikukuwa hivi," hata wale waliozaliwa baada ya jina hilo kufutwa.

Wakati Générose anaanza, wageni walikuwa bado wanakuja. Likizo kubwa ikifika, treni ilishusha familia nzima nzima kutoka Lubumbashi na Kamina, wamejaa vumbi la siku tatu, na watoto wakiliona ziwa walipiga kelele wakidhani ni bahari. Jumapili kulikuwa na muziki barazani. Mabibi walioga na kofia za mpira kichwani, na jioni walikula sangala wa kukaanga huku wakisema mahali kama hapa hapako tena katika nchi nzima. Générose aliwasikia kutoka ngazini, amebeba mashuka, na sifa ile aliipokea kama yake.

Mwenye hoteli alikuwa Papa Ignace, mfanyabiashara wa Lubumbashi, mtu mpole lakini mwenye jicho kali kwa kazi. Ndiye aliyemfundisha kutandika kitanda hadi shuka likae kama ngozi ya ngoma. Baada ya miaka kumi alimweka kuwa mkubwa wa vyumba vyote. Générose alikuwa na msemo wake, aliowaambia wanawake waliofanya kazi chini yake: "Shuka likipinda, na usingizi wa mugeni unapinda."

Aliolewa na Ruphin, fundi wa reli, wakaishi katika chumba kimoja cha wafanyakazi nyuma ya hoteli. Mungu hakuwapa mtoto. Ruphin alikufa mapema, ugonjwa wa ini, na baada ya hapo vyumba vile kumi na viwili ndivyo vilivyobaki kuwa nyumba na jamaa yake.

Mji ulianza kushuka polepole, kama mtu anayekonda bila kujua anaumwa nini. Treni ya kila juma ikawa ya kila mwezi, halafu hakuna aliyejua itakuja lini. Wageni wakapungua, muziki wa Jumapili ukanyamaza. Mwaka wa 1998 vita vikafika. Papa Ignace alipata nafasi katika ndege ya mwisho, na asubuhi ile alimkabidhi Générose mkufu wa funguo.

"Générose, nyumba hii nakuachia wewe. Usifungulie muntu ovyo. Mimi nitarudi."

"Utakuta vitanda vimetandikwa, Papa," akajibu.

Maofisa wenye bunduki walikaa vyumba vya chini kwa mwezi mmoja, kisha wakahamia nyumba nyingine karibu na bandari, wakiondoka na magodoro, milango, madirisha na hata vioo vya bafuni. Vya juu hawakuvigusa, kwa sababu Générose aliwaambia dari imeoza, nao wakasadiki. Ujanja ule ulimpa kiburi. Aliona kwamba ameiokoa Les Filaos. Kila asubuhi alipanda, akafungua madirisha hewa ya ziwa iingie, akapangusa vumbi, akanyoosha mashuka ambayo hakuna aliyekuwa ameyalalia. Umeme wa mitambo ya maji ya Bendera ulikuwa umekatika, unga ulikuwa wa kutafutwa, naye alikuwa anapiga pasi ya makaa kwa ajili ya wageni wa hewani.

Mwezi wa tatu wa mwaka 2000, mvua ikinyesha mchana kutwa, mdogo wake Laetitia alitokea mlangoni. Alikuwa ameolewa na mwalimu huko Nyunzu. Mwalimu alikuwa ameuawa. Laetitia alitembea kwa miguu majuma mawili, akifuata reli, yeye na mama mkwe wake, na binti yake Syntiche wa miaka saba, na mgongoni Ketsia, mtoto wa miezi minane.

Générose aliwapokea kwa machozi. Aliwasha moto, akawapikia bugali na ndagala, dagaa wa ziwa, akampa mama mkwe kitanda chake mwenyewe. Lakini chumba chake hakikutosha wote. Vyumba vya chini, bila milango wala madirisha, mvua iliingia moja kwa moja, kwa hiyo Laetitia na watoto aliwatandikia mikeka katika nyumba ya kufulia, palipokuwa na sakafu ya saruji iliyotoka maji wakati wote wa mvua.

Siku ya tatu Ketsia akaanza kukohoa. Laetitia alimkuta dada yake akishuka ngazi na kitambaa cha vumbi mkononi.

"Yaya," akamwita, kama wanavyoita dada mkubwa, "huko juu kuko vitanda?"

"Viko."

"Funguo iko na nani?"

"Iko na mimi."

Générose alikikunja kitambaa mara mbili, akakikunjua.

"Papa Ignace alikataza," akasema.

"Papa Ignace iko Lubumbashi. Mutoto njo huyu, iko hapa. Nipe chumba kimoja tu, Yaya. Hata kitanda hapana, nitalala chini, kwenye mbao. Nataka mahali pakavu."

"Nikikufungulia wewe leo, kesho mutaa muzima utapanda. Na siku akirudi nitamuonyesha nini? Mvua itaisha, Laetitia. Vumilia kidogo."

Laetitia hakulia wala hakupandisha sauti. Alimtazama dada yake kwa kitambo, kama mtu aliyefika nyumba aliyoizoea akakuta wanakaa watu wengine. Kisha akarudi katika nyumba ya kufulia. Générose alimpelekea blanketi na chai ya mchaichai kwa ajili ya mtoto. Yote yalipokelewa kwa "asante, Yaya."

Siku ya tano waliondoka na boti la watu waliokuwa wanakimbilia Kigoma. Générose aliwasindikiza hadi ufukweni akiwa amebeba Ketsia, na aliusikia mgongo wa mtoto ukipanda na kushuka kwa shida mikononi mwake. Aliporudi alipanda ngazi akatandika vitanda sita.

Habari zililetwa baada ya miezi miwili na Mama Gisèle, mchuuzi aliyekuwa anavuka ziwa na dagaa na vitenge. Alisema Laetitia yuko kambini, mama mkwe yuko, Syntiche yuko. Kisha akatazama chini. "Yule mudogo hapana. Alifika, akakaa siku tatu." Générose alimuuliza kama Laetitia ametuma neno lolote. Mama Gisèle alisema ametuma salamu.

Hakuna daktari wala nabii awezaye kusema kama chumba kikavu kingemponya Ketsia. Générose alilijua hilo, na kwa muda alilishikilia. Alijiambia kwamba alikuwa amepewa amana, na mtu wa amana hachagui. Aliendelea kupanda ngazi. Vita vikaisha, wageni hawakuja. Mashirika ya misaada yalipofika mjini yalitafuta nyumba zenye jenereta, na Les Filaos ilikuwa na ndoo na mshumaa.

Mwaka wa 2009 akaja Willy, mtoto wa Papa Ignace, mtu mzima mwenye kitambi. Alileta habari kwamba baba yake amekufa, na kwamba watoto hawana haja na nyumba hii. Générose alimpandisha juu amwonyeshe. Willy alizunguka chumba hadi chumba, akagusa shuka moja lililofifia kwa kufuliwa.

"Mama Générose, huku kulikuwa kunalala nani?"

"Hakuna muntu, tangu Papa aondoke. Nilifunga kama alivyosema."

Willy alikaa pembeni ya kitanda. "Miaka kumi na moja? Lakini Baba wakati wa vita alikuwa anatuambia, 'Sina wasiwasi na ile nyumba, Générose hakika ameingiza watu wake.' Alikuwa anafurahi. Alisema, 'Kama ni askari wataivunja, lakini kama ni jamaa ya Générose, vitanda vitakuwa na kazi.'"

Willy aliendelea kuongea, kuhusu karatasi za kiwanja na jinsi anavyoweza kubaki pale mpaka atakapochoka, lakini Générose hakumsikia. Alikuwa anarudia moyoni neno moja alilopewa asubuhi ile ya ndege: ovyo. Usifungulie muntu ovyo. Miaka yote agizo lile alikuwa amelisikia bila ovyo.

Kuvuka Kigoma ni safari ya siku moja. Hakuvuka. Mwaka wa kwanza alisema atakwenda kiangazi, mwaka wa pili alisema magoti, na baadaye hakusema kitu. Alituma kitenge na samaki wakavu kwa mkono wa Mama Gisèle, akapokea salamu. Mwaka wa 2019 zilikuja habari kwamba Laetitia amezikwa huko huko.

Halafu ziwa likaanza kupanda. Lilianza kwa kulamba mizizi ya mivinje, mwaka uliofuata likaingia barazani, na mwaka wa 2024 lilifunika barabara ya ufukweni, likaingia maduka na majumba ya zamani, na watu wakapita kwa mitumbwi mahali walipokuwa wakipita kwa pikipiki. Nyumba ya kufulia ilizama hadi madirisha. Chumba cha Générose kilizama, naye akapanda kulala juu, kwa mara ya kwanza katika maisha yake. Majirani walipokuja na magodoro vichwani hakungoja waombe. Familia nne zilikaa katika vyumba vile, watoto wakirukaruka vitandani, mafuta ya mawese yakimwagikia mashuka, naye akiwapita akisema, "Acheni, acheni wacheze." Walikaa majuma matatu. Ukuta wa upande wa ziwa ulipopasuka, wote walihamia mlimani, kwenye kiwanja cha parokia.

Huko mlimani ndiko Syntiche alikomkuta, mwezi wa saba. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na moja, mshonaji, anaongea Kiswahili laini cha Kigoma. Alipiga magoti akamshika mikono.

"Mama mkubwa, nimekuja kukuona kabla hujatuacha na wewe."

Walikaa mkekani, wakala, wakamlilia Laetitia. Kisha Syntiche akasema anataka kuiona hoteli, hata kwa mbali, mahali walipolala na Ketsia. Wakasogea mpaka kwenye kona ya kiwanja inapoonekana paa.

"Mama alikuwa anatusimulia," Syntiche akasema. "Alisema ulikuwa unalia kwa sababu huna mahali pa kutuweka. Vyumba vyote vilikuwa vimejaa askari."

Générose aliona mlango umefunguliwa mbele yake, na Laetitia mwenyewe ndiye aliyeufungua. Alichotakiwa ni kuitikia kwa kichwa tu.

"Askari walikuwa wameondoka," akasema. "Vyumba sita vilikuwa vitupu. Mama yako aliniomba kimoja, mimi nikamunyima."

Alieleza yote, kuhusu Papa Ignace na nyumba ya kufulia na alivyotandika vitanda baada ya boti kuondoka. Hakujitetea. Syntiche alisikiliza akiwa amelitazama paa.

"Ungeniachia ile hadithi ya Mama," Syntiche akasema. "Ile niliweza kuishi nayo."

Alibaki siku mbili zaidi, kwa heshima. Alimchotea maji, akamshonea upindo wa kitenge uliofumuka, akamsaidia kuoga. Siku ya tatu alipanda boti. Kwenye gati aliagana naye vizuri, kwa mikono miwili, akasema, "Ubaki salama, Mama Générose," na si Mama mkubwa tena.

Wanawake wa parokia humuuliza kwa nini alisema, mtu mzima kama yeye, jambo la miaka ishirini na nne ambalo marehemu mwenyewe alikuwa amelifunika. Huwaambia kwamba hajui. Siku nyingine husema alichoka kusamehewa kwa kosa ambalo si lake, la kukosa nafasi. Siku nyingine hujuta kwa hilo pia, na kuona kwamba amemnyang'anya mtoto wa Laetitia kitu kwa mara ya pili. Syntiche hupiga simu, si mara nyingi. Wanaongea kuhusu watoto wa Syntiche, mvua, na kama ziwa limeshuka. Limeshuka kidogo, Générose humwambia, lakini bado halijarudi mahali pake.