Mwandiko Mzuri wa Mwalimu Auleria

Mwalimu Auleria alikuwa na wivu, na hakuna haja ya kuupamba. Alimwonea wivu Mwajabu, mwalimu wa darasa la ukuta wa pili, kwa sababu watoto wa Mwajabu walikuwa wanakumbuka na wa kwake walikuwa wanasahau.

Wote wawili walifundisha darasa la nne, shule moja huko Wazo, Auleria mkondo A na Mwajabu mkondo B. Auleria alikuja kutoka Muleba na stashahada yake ya ualimu na mwandiko ambao hata wakaguzi waliusifu. Ubao wake ulipendeza macho: vichwa vya habari kwa chaki nyekundu, maelezo kwa nyeupe. Watoto walinakili, wakaimba kwa pamoja, "Mvuke! Mawingu! Mvua!" mpaka mabati yakaitikia, wakaenda nyumbani. Kesho yake somo jipya, na yaliyopita si ndwele.

Mwajabu, mzaliwa wa Temeke mwenye cheti tu, kila asubuhi aliufuta ubao ukabaki mweusi tii, akawaambia watoto wafunike madaftari, kisha akauliza ya jana, ya juma lililopita, hata ya mwezi uliopita. Kwake hakukuwa na kuimba. Alimsimamisha mmoja mmoja, na mtoto akikwama, Mwajabu alikunja mikono akasubiri. Makosa yalikuwa mengi na kelele zilivuka ukuta.

"Debe tupu haliachi kuvuma," Auleria alisema ofisini, mbele ya chai na mihogo ya kukaanga. "Kwangu mie utasikia darasa zima linajibu, tena sawasawa."

Mwalimu mkuu, mzee Polikarpo, alikuwa ametangaza kwamba muhula ukiisha atamteua mwalimu wa taaluma, wa kusimamia masomo ya shule nzima. Auleria aliusubiri uteuzi huo miaka sita. Dada yake kule Muleba alishapigiwa simu, akashangilia mapema.

Matokeo ya jaribio la kati ya muhula yalipobandikwa, mkondo B ulikuwa juu, tena mbali. Auleria aliiacha chai yake mezani. Alikwenda moja kwa moja kwa mkuu.

"Shikamoo, mkuu. Mie sitaki fitina, ila lile jaribio limevuja. Darasa la kelele vile lipate wapi kufaulu?"

Mzee Polikarpo hakuwa mtu wa maneno mengi. "Marahaba. Basi jaribio lingine tunga wewe. Wiki tatu kutoka leo. Uliza yote mliyofundisha tangu Januari, na asijue mtu."

Auleria alitunga siku hiyo hiyo. Na siku iliyofuata, Mungu amsamehe, aliwarudisha watoto wake kwenye kurasa zilezile alimotoa maswali, wakazinakili upya na kuziimba mpaka sauti zikakauka. Kisha akatulia kusubiri ushindi.

Wiki tatu zilipita. Mkondo B walifaulu thelathini na mmoja kati ya arobaini. Mkondo A, kumi na wawili.

"Mwalimu, majibu tulishayaona kwenye daftari," watoto wake walimlalamikia, "ila hayaji kichwani!"

Uteuzi ukamwendea Mwajabu. Auleria alipiga makofi pamoja na wenzake huku roho ikimuuma. Akaapa kumwandikia mkuu barua, kwamba kumwacha mtoto asimame ahangaike ni kumtesa, na hakuna chuo kinachofundisha hivyo. Jumamosi alivuta sanduku chini ya kitanda, akatoa daftari lake la chuo ili apate maneno ya kitaalamu ya kumshindilia mwenzake.

Alilifungua penye kichwa cha wino mwekundu: Saikolojia ya Utambuzi, Jinsi Mtu Anavyojifunza. Chini yake, kwa mwandiko wake mwenyewe, pamepigiwa mistari miwili: Kusoma jambo tena na tena humfanya mtu adhani analijua. Kumbukumbu hukomaa anapohangaika kuitafuta kichwani bila kuangalia, na anapoirudia baada ya siku kupita.

Pembeni mkufunzi alikuwa ameandika, Vizuri sana. Auleria alijaribu kuikumbuka siku aliyofundishwa maneno yale, asiipate. Aliona aibu, akaona na hasira, na wivu juu yake.

Jumatatu, kabla ya kengele, aliingia mkondo B. Mwajabu alikuwa anafuta ubao.

"Mwenzangu, haya nani alikufundisha?"

"Nani tena? Maalimu wetu wa madrasa, Temeke. Tulikuwaga tunasikilizwa. Unafunika juzuu, unasoma kwa kichwa. Ukikwama anakuangalia tu." Mwajabu akacheka. "Kwani nyie wa diploma hamkusomea?"

"Tulisomea," Auleria alisema. "Na mie ndiye niliyesema jaribio limevuja."

"Najua. Mkuu aliniambia limelalamikiwa, jina akalificha. Ule mwandiko wa maswali nani asiyeujua?"

Auleria alitamani ardhi ipasuke. Bado alimwonea wivu, hata pale, hata kwa ule utulivu wake. Lakini mficha uchi hazai. Alilitoa daftari la chuo, akalifunika, akamkabidhi.

"Nisikilize."

Akaanza vizuri. "Kusoma jambo tena na tena humfanya mtu adhani analijua. Kumbukumbu... kumbukumbu hu..."

Mwajabu alikunja mikono, akasubiri.